Namna ya Kukagua Mswala wa Kale wa Kituruki: Anzia Nyuma, Malizia Mbele

Maswali ni yale yale kila mara. Mtu kauona mswala wa sufu katika duka la mazulia Istanbul, au mnadani, au kaukuta kwenye sanduku la mzee wake aliyewahi kufanya kazi Ghuba. Anapiga picha moja ya upande wa mbele, anaituma, kisha anauliza: "Huu ni wa kale? Ni wa Gördes kweli?" Kwa picha ya mbele peke yake hakuna awezaye kukujibu kwa uaminifu, na anayekujibu haraka haraka usimwamini.

Sababu ni kwamba nakshi za miswala ya Anatolia, yaani Uturuki ya upande wa Asia, zilinakiliwa sana. Umbo lililopata sifa Gördes, mji mdogo wa magharibi mwa Uturuki, lilifumwa tena katika miji mingine ya nchi hiyo: Hereke, Kayseri na Bandırma. Katika karne ya 20 Teodor Tuduc wa Bucharest, Romania, akatengeneza nakala nzuri kiasi cha kuingia katika makumbusho zikidhaniwa ni za kale. Jicho linalotazama nakshi tu hudanganyika. Lakini namna uzi ulivyosokotwa, fundo lilivyofungwa na mshindio ulivyopitishwa ni mazoea ya mikono ya mahali fulani, na kuyaiga yote kwa pamoja ni kazi ngumu. Ndiyo maana mwongozo huu unakutaka uugeuze mswala kifudifudi kwanza. Nakshi tutaifikia hatua ya saba.

Habari ya bei siigusi hapa. Ukishajua ulichokishika mkononi, bei utaiuliza ukiwa na hoja.

VITU VYA KUWA NAVYO

- Mwanga wa mchana, karibu na dirisha au barazani. Taa za duka hubadilisha rangi, hasa nyekundu na njano.
- Lenzi ya kukuzia, ile ndogo wanayotumia masonara inatosha.
- Futi ya fundi cherehani yenye sentimita.
- Pini ndefu au sindano isiyo kali sana.
- Kitambaa cheupe cha pamba na maji safi kidogo.
- Simu yenye kamera, na daftari.
- Ruhusa ya mwenye mali. Usilowanishe, usichome wala usivute uzi wa zulia la mtu kabla hujamwomba.

Maneno matatu yatakutosha. Mtande ni nyuzi za wima zilizotandikwa kwenye kitanda cha mfumaji. Mshindio ni uzi unaopita kwa upana. Fundo ni kipande kifupi cha uzi wa rangi kinachofungwa kwenye mtande, na ncha zake ndizo manyoya unayoyagusa ukisujudu. Kila mstari wa mafundo ukiisha, mfumaji hupitisha mshindio, mara nyingi mara mbili, kisha huugonga kwa chanuo zito ili ukae.

HATUA ZENYEWE

Hatua ya 1: Ulaze kifudifudi, uutazame mgongo wote

Simama, utazame wote kabla hujainama. Zulia la mkono lina mgongo wenye uhai: nakshi inaonekana wazi karibu sawa na mbele, mistari inapinda kidogo, upana unaongezeka hapa na kupungua pale. La mashine lina mgongo wa mistari iliyonyooka kabisa, na mara nyingi nakshi ya nyuma ni hafifu kuliko ya mbele.

Kisha tazama matamvua. Kwenye zulia la mkono matamvua ni mtande wenyewe uliobaki baada ya kazi kukatwa kitandani. Ukiufuata uzi mmoja kwa pini utaona unaingia ndani ya zulia. Matamvua yaliyoshonewa juu ya ukingo ni dalili ya mashine, au ya zulia la kweli lililopoteza ncha zake na kufichwa. Sehemu kubwa ya miswala ya bei nafuu inayoletwa na mahujaji ni ya mashine na mingi imetoka Uturuki kweli. Kwa hiyo kibandiko cha "Türkiye" hakikuambii lolote kuhusu umri.

Hatua ya 2: Tafuta ulikoanzia

Ugeuze uso juu, pitisha kiganja kutoka ncha moja hadi nyingine, kisha urudi. Upande mmoja manyoya hulala, upande wa pili husimama na kukwaruza. Manyoya hulala kuelekea kule kazi ilikoanzia, kwa sababu mfumaji huvuta uzi chini anapoukata.

Miswala mingi ya Anatolia ilifumwa kichwa chini: mfumaji alianzia upande wa kilele cha tao. Basi ukiona manyoya yanalala kuelekea kwenye tao, usiseme ni kasoro. Andika tu daftarini. Itakusaidia ukilinganisha na miswala mingine ya mji huo huo.

Hatua ya 3: Fungua manyoya, ulitambue fundo

Hapa ndipo wanaoanza hukata tamaa, nami nakuomba usiiruke hatua hii. Chagua mahali ambapo manyoya bado ni marefu kidogo. Kunja zulia kwa upana, taratibu, ili mstari wa mafundo ukae juu kabisa ya kunjo na manyoya yafunguke pande mbili. Weka lenzi.

Fundo la Kituruki, ambalo pia huitwa fundo la Gördes, hushika nyuzi mbili za mtande. Uzi wa rangi hulala juu ya zote mbili, kila ncha ikazunguka uzi wake kwa nyuma, kisha ncha zote mbili zikatokeza pamoja katikati. Kwa hiyo chini ya manyoya utaona kijiti kifupi cha rangi kimelala juu ya nyuzi mbili, na chini yake ncha mbili zimechomoza zikiwa zimebanana. Fundo la Kiajemi huzunguka uzi mmoja tu na kupita nyuma ya wa pili. Ncha zake hutokea mahali pawili tofauti, na kijiti kinachofunika nyuzi zote mbili hukioni.

Hakikisha kwa mgongo. Kwenye mswala wa kijijini wa Anatolia kila fundo huacha vinundu viwili vilivyolingana, vimekaa ubavu kwa ubavu kama punje mbili za mchele. Kinundu kimoja kikiwa kimezama na mwenzake kimejitokeza, ujue nyuzi za mtande zimepandana, na hilo lina uzito katika kutambua mji.

Angalizo: usitangaze "ni la Kituruki" kwa sababu ya fundo peke yake. Wafumaji wa Kaukasi, Wakurdi, na hata miji ya Iran kama Tabriz na Hamadan hufunga fundo hilo hilo. Na mazulia ya kasri ya Kiosmani ya karne ya 16, ambayo ni Kituruki bila shaka, yana fundo la Kiajemi.

Hatua ya 4: Hesabu mafundo

Nyuma ya zulia pima sentimita 10 kwa upana na 10 kwa urefu. Hesabu mafundo ya kila upande, kisha zidisha. Mafundo 28 kwa upana na 40 kwa urefu ni 1,120 kwa desimita moja ya mraba.

Kosa la kawaida ni kuhesabu vinundu badala ya mafundo, hesabu ya upana ikawa maradufu. Ili kujihakikishia, tafuta mahali mstari wa rangi moja umepanda kwa mshazari: ngazi ndogo kabisa ya mshazari huo ndiyo fundo moja.

Usihukumu uzuri kwa hesabu hii. Hereke, ambako karakana ya kifalme ilianzishwa mwaka 1843 zama za Sultani Abdülmecid, hariri yake ya kawaida hufikia mafundo 100 kwa sentimita moja ya mraba, yaani 10,000 kwa desimita ya mraba. Mswala wa kijijini uko mbali sana na hapo, na bado unaweza kuwa kazi bora na adimu zaidi. Hesabu inatusaidia kujua mahali na zama. Sifa hupimwa kwa mengine.

Hatua ya 5: Jua uzi umetokana na nini

Tazama mtande kwenye matamvua, na mshindio kwenye mgongo, katikati ya mistari ya mafundo. Miswala mingi ya zamani ya vijijini Anatolia ni sufu tupu: mtande wa sufu usiotiwa rangi, mshindio wa sufu, mara nyingi umepakwa wekundu, na manyoya ya sufu. Kwenye Gördes za zamani utakuta nyeupe ya pamba ndani ya nakshi, inang'aa kuliko sufu na haigeuki njano upesi.

Ukiwa na mashaka na mwenye mali akaridhia, chukua nyuzi moja iliyokwisha kukatika kwenye tamvua na uichome mbali na zulia. Sufu na hariri hunuka nywele zilizoungua na huacha kidonge cheusi kinachosagika kwa vidole. Pamba hunuka karatasi na huacha majivu mepesi. Hariri ya bandia nayo hunuka karatasi, na hapo wengi huokoka: Kayseri ilifuma miswala mingi ya pamba iliyong'arishwa, nayo huuzwa kwa jina la hariri hadi leo.

Hatua ya 6: Soma rangi mahali patatu

Kwa kila rangi kuu, tazama ncha ya manyoya, shina lake, kisha mgongo. Rangi za mimea hupauka taratibu na kwa mpangilio. Shina na ncha bado ni ndugu. Nyekundu ya mzizi ambao Waturuki huuita kökboya, na buluu ya nili, hustahimili karne na karne.

Rangi ya kwanza ya viwandani ilitokea mwaka 1856, na baada yake zikafuata nyingi zilizofika mpaka vijiji vya Anatolia katika miongo iliyofuata. Fuksini, mojawapo ya rangi hizo za viwandani, ndiyo rahisi kuikamata: mbele imekuwa kijivu au hudhurungi isiyo na uhai, lakini ukifungua manyoya shina bado ni zambarau kali. Ukiiona, na uzi huo ni wa asili si wa ukarabati, mswala hauwezi kuwa wa karne ya 18, hata akuapie nani.

Kinyume chake hakifai kuwa hoja. Rangi za mimea hazithibitishi ukale, kwa sababu tangu mwaka 1981 mradi wa Kituruki uitwao DOBAG, ulioanzia eneo la Ayvacık, umewarudisha wafumaji kwenye rangi hizo. Tena alizarini ya viwandani, iliyopatikana mwaka 1869, ni kemikali ile ile iliyomo kwenye kökboya. Jicho haliwezi kuzitofautisha.

Gusa pia sehemu nyeusi na za hudhurungi iliyokolea. Zilitiwa rangi kwa msaada wa chuma, na chuma huila sufu. Katika zulia la kale sehemu hizo huwa zimezama, manyoya yake mafupi kuliko majirani. Mghushi hulijua hilo na hupunguza kwa mkasi. Lenzi itakuonyesha ncha zilizokatwa sawasawa badala ya zilizolika.

Halafu lowanisha kitambaa cheupe kidogo, ubonyeze, usisugue. Kikitoka na chai au wino, kuna mtu kaupaka mswala. Michirizi ya rangi moja inayokolea na kupauka kwa mafungu, ambayo huitwa abrashi, si kasoro wala si ghushi. Ni uzi uliotiwa rangi kwa chungu kingine.

Hatua ya 7: Sasa tazama nakshi

Aliyezoea msikiti atalitambua umbo mara moja: shubaka la mihrabu, lenye tao juu. Ndani yake mara nyingi imening'inia taa, na wengi huihusisha na aya ya 35 ya Surat An-Nur, inayofananisha nuru ya Mwenyezi Mungu na shubaka lenye taa. Kuna birika la udhu, kuna nguzo za pembeni, kuna mlolongo wa kingo zinazozunguka uwanja. Zulia lenye matao mengi yaliyopangwa ubavu kwa ubavu ni la safu, la kusalia watu wengi.

Jambo la kulifuatilia ni safari ya nguzo. Makumbusho ya Metropolitan, New York, yanao mswala wa kasri ya Kiosmani wa mwishoni mwa karne ya 16, uliotolewa na James F. Ballard mwaka 1922. Una matao matatu juu ya nguzo zilizosimama mbilimbili, zenye tako na kichwa, kama zilivyo kwenye jengo. Wafumaji wa miji na vijiji waliupokea mtindo huo wakaugeuza kizazi baada ya kizazi. Katika miswala ya mji wa Ladik ya karne ya 17 na 18 matao matatu bado yapo, lakini yamekuwa ya pembepembe. Ukifika Gördes za baadaye, nguzo imepoteza tako, imekuwa utepe mwembamba wa maua ulioning'inia hewani, na taa imekuwa shada. Mimi hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, maana mabadiliko haya ni rekodi ya watu waliofuma kwa kumbukumbu ya jicho bila kuliona jengo lenyewe.

Miji utakayoisikia zaidi ni hii. Gördes: tao refu lenye mabega, uwanja mtupu wa rangi moja, kingo nyingi, ufumaji mwembamba. Kula ni jirani yake na hufanana naye, ila tao lake ni la chini zaidi na rangi zimetulia, njano na buluu. Baadhi zina vijumba na miti, nazo huitwa mezarlık, yaani za makaburini. Ladik hutambulika kwa tulipu za mabua marefu zilizopangwa kwenye paneli juu au chini ya shubaka. Mucur ina tao la ngazi na ukingo mpana wa vigae vya rangi nyingi. Milas tao lake limebanwa shingoni, kichwa kikawa cha umbo la almasi, juu ya wekundu wa matofali na njano.

Linganisha nakshi na ulichoandika hatua ya 3 hadi ya 6. Nakshi ikisema Gördes na ufumaji ukasema pengine, usikilize ufumaji.

Hatua ya 8: Tafuta uchakavu na ukarabati

Uinue mbele ya dirisha, mwanga upite nyuma yake. Matundu, viraka na sehemu zilizofumwa upya zitajionyesha. Pitisha vidole mgongoni: palipofumwa upya huwa pagumu au pananyanyuka kidogo. Mgongo wa zulia lililotumika miaka mingi ni laini, umesuguliwa ukang'aa. Mgongo unaokwaruza chini ya uso uliochakaa sana unatia shaka. Pima upana wa ncha mbili, na uhesabu kingo za kila upande. Ukingo ukipungua upande mmoja, mswala umekatwa.

Hatua ya 9: Soma tarehe kama ipo, kisha kadiria

Tarehe hufumwa kwa tarakimu za Kiarabu, na aliyepita chuoni atazisoma bila taabu. Mwaka ni wa Hijria. Gawa kwa 33, toa jibu hilo kwenye mwaka, kisha ongeza 622. Mfano 1299: toa 39, ongeza 622, unapata 1882.

Lakini angalia meno ya tarakimu. Kati ya ٣ na ٢ tofauti ni jino moja, yaani mafundo machache. Mwaka ١٣٢٧ ni 1909. Ng'oa jino moja la tarakimu ya pili, fumia rangi ya uwanja mahali pake, umepata ١٢٢٧, ambao ni 1812. Takriban karne nzima imeongezwa kwa kazi ya dakika chache. Kagua mgongo wa tarakimu kwa lenzi kabla ya kufurahi. Tarehe iliyogeuka kama kwenye kioo si lazima iwe ghushi, kwani wafumaji wengi walinakili tarakimu kutoka zulia jingine bila kuzisoma.

Kama haina tarehe, andika kipindi, usiandike mwaka. "Nusu ya pili ya karne ya 19" ni jibu la heshima, na mingi iliyoko sokoni ni ya kipindi hicho au ya mwanzo wa karne ya 20.

UKIKWAMA

Huoni fundo hata kwa lenzi. Manyoya yamekwisha mno. Nenda kwenye pembe au chini ya ukingo, ambako miguu haifiki, au tegemea vinundu vya mgongoni.

Mgongo umeshonewa kitambaa. Omba ushono ufunguliwe upande mmoja. Akikataa, usinunue kama mswala wa kale. Kitambaa kinaweza kuwa cha kuushikilia usichanike, na kinaweza kuwa cha kuficha.

Nakshi ni ya Gördes, mtande ni wa pamba. Fikiria kwanza Kayseri au Bandırma, mwishoni mwa karne ya 19 au baadaye. Bado waweza kuwa mswala mzuri. Jina tu ndilo limekosewa.

Rangi zote zimefifia kwa kiasi kimoja, na pananuka dawa. Umeoshwa kwa kemikali ili uonekane wa kale. Sufu iliyooshwa hivyo huwa kavu na hukatika ukiivuta kidogo.

Unadondosha vumbi na manyoya mepesi. Ni nondo. Usiuchanganye na nguo nyingine. Ufunge kwenye nailoni isiyopitisha hewa, uweke ndani ya friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi kwa wiki mbili, uuache upate joto ukiwa bado umefungwa, kisha uufyonze vumbi pande zote mbili. Kwetu mwambao, penye unyevu, usiuweke kabatini ukiwa umekunjwa. Uviringishe na uutoe hewani mara kwa mara.

Unataka kuuswalia. Kama ufumaji ni imara na ni wa karne ya 20, sioni ubaya. Mswala mkongwe zaidi, wenye hudhurungi iliyoliwa na kingo zilizolegea, utauharibu kwa jasho la kipaji na uzito wa magoti. Uutandike mahali pa kuutazama, uswali juu ya mwingine.

Uko Uturuki na unataka kuondoka nao. Sheria namba 2863 ya mwaka 1983 inazuia mali za kale za kitamaduni kutolewa nchini, na mazulia ya zamani yamo. Mwombe muuzaji cheti cha makumbusho kinachoonyesha kwamba zulia hilo linaruhusiwa kutoka, ukipate mkononi kabla hujalipa. Ahadi ya "nitakitumia baadaye" haitakusaidia mbele ya forodha.